Kipande cha Kitenge

Mwezi wa saba, baridi ya Ufipa ilipokuwa imekolea, nilipanda upande wa Milima ya Mbizi kumpelekea Komunyo mzee mmoja mgonjwa wa kiharusi. Amepooza upande wa kulia, na maneno yamemkimbia. Tulisali. Nikiwa nakunja stola niliona kipande cha kitenge, kirefu kama pima moja, kimening'inia ubavuni mwa kitanda. Nilidhani ni bendeji. Mkewe akanieleza: usiku ncha moja anaifunga kwenye mkono mzima wa mzee, ya pili kwenye kifundo cha mguu wake mwenyewe, kisha analala chini mkekani. Mzee akilowa, au akitaka kugeuzwa, anavuta.

"Zamani Padre nilikuwa naamka akikohoa tu. Siku hizi nimechoka, sisikii."

Nyumba ile nimeingia mara nyingi. Mzee nimempaka mafuta matakatifu, nimemuuliza hali, nimemshika mkono. Mkewe sikuwahi kumuuliza analalaje. Hilo nimeliungama, na sasa nalisema mbele yenu.

Tangu siku ile nasoma upya sura ya pili ya Marko, habari ya mtu aliyepooza kule Kafarnaumu. Watu wanne walimbeba, wakaukuta umati umeziba mlango, wakapanda juu, wakatoboa paa na kumshusha yeye na kitanda chake. Marko hasemi walimshusha kwa kitu gani. Lakini sisi tuliozoea kuteremsha ndoo kisimani tunajua kwamba mtu mzima hashuki kutoka darini bila kamba, na kwamba wale wanne lazima walielewana nani alegeze na nani akaze, la sivyo mgonjwa angetangulia kichwa. Na kuna neno ambalo kwa miaka mingi nililipita mbio: imani ambayo Yesu aliiona ilikuwa ya wabebaji pia.

Kiharusi si ugonjwa wa mbali. Kati ya 2003 na 2006 watafiti walihesabu wagonjwa wapya wilayani Hai na jijini Dar es Salaam. Kwa Dar, baada ya kusawazisha umri, walikuta wagonjwa wapya wapatao 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Kila mmoja wao akipona kiasi cha kurudi nyumbani, anarudi mikononi mwa mtu. Mara nyingi mtu huyo ni mke, binti au mkamwana. Siku ya kuruhusiwa anaambiwa mengi kwa dakika chache, naye anawaza nauli: amgeuze kila baada ya saa mbili hivi asipate vidonda vya kulalia, amlishe akiwa ameketi wima, kidogokidogo, maana koo lililolegea laweza kupitisha uji mapafuni, asimvute kwa mkono uliopooza, bega litateguka, vidonge vya presha asiviache hata mgonjwa akionekana mzima. Nani atayakumbuka yote hayo saa tisa ya usiku?

Hapa ndipo simu ingefaa, na nawaomba vijana wetu waliosomea kompyuta wanisikilize. Nchi hii imewahi kufanya jambo la namna hiyo. Mwaka 2012 ilianzishwa huduma ya Wazazi Nipendeni: mjamzito alituma neno kwenda namba 15001, akaanza kupokea bila malipo ujumbe wa Kiswahili unaolingana na umri wa mimba yake. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba hata ndugu na marafiki wanaomsaidia waliweza kujiandikisha. Kumbe inawezekana kumkumbuka msaidizi.

Lakini mama yule ana simu ya kitochi. Anachaji dukani kwa jirani mwenye sola, na kusoma kunampa shida. Ukishuka mteremko wa Lyamba lya Mfipa kuelekea Muze, ziko kona ambako mtandao hukatika kabisa. Programu nzuri ya picha, inayotaka simu ya kupangusa na bando la kila siku, haitamfikia. Sauti ingemfikia: sauti ya muuguzi kwa Kiswahili chepesi, na kwa Kifipa pia, inayoweza kusikilizwa tena na tena bila kukatwa salio.

Na tafadhali, simu hiyo isimwamshe kila saa mbili. Niliwaza hivyo mwanzoni, nikaona nimepata dawa. Mama akatikisa kichwa. Kuamshwa anaamshwa tayari, na kitenge. Anachokosa ni mtu wa kuamka badala yake. Basi kengele ilie kwa kijana wake aliyeko mjini, kwa jirani, kwa mwenyekiti wa jumuiya ndogondogo: leo zamu ni yako, nenda ukamgeuze mzee, mama alale. Na mara moja kwa juma yeye naye aulizwe: umelala? Mgongo unauma? Presha yako umepima lini?

Ujumbe mwingine uwaendee majirani. Jina la mji wetu, Sumbawanga, kwa Kifipa ni agizo la kuutupa uchawi, lakini mtu akianguka ghafla na mdomo kupinda, bado minong'ono huanza, na mara nyingi kidole humwelekea huyohuyo mke anayemwogesha. Watu wakaacha kuja. Kiharusi ni mshipa wa ubongo ulioziba au uliopasuka, na kisababishi kikubwa ni shinikizo la damu ambalo halijatibiwa. Mwanamke anayefua mashuka kwa maji ya baridi kila asubuhi asiongezewe mzigo wa kushukiwa.

Anayetaka kuunda chombo kwa ajili ya watu hawa aanze kwa kuketi kwenye ule mkeka na kukitazama kile kitenge. Mama alikwisha kubuni. Alijua mkono upi bado una nguvu, akajua atakuwa usingizini, akatumia alichokuwa nacho ndani. Mimi sijaona ubunifu wa heshima kuliko huo mwaka huu.

Wakati tunasubiri simu, jumuiya yao imekubaliana kushika zamu za usiku, wanaume kwa mzee, ili mama alale chumba cha pili. Wamejitokeza watatu, tunamtafuta wa nne. Katekista anaanza Jumanne. Amekwisha kuonyeshwa namna ya kukifunga kitenge.