Hasara ya Lazima na Hasara ya Hiari

Katika miaka yangu ya kufundisha walimu, nilipenda kuwauliza wanachuo: je, kila hasara ni kosa? Wengi walijibu upesi kwamba ndiyo. Mimi naona sivyo, na mitambo ya umeme wa gesi yanisaidia kueleza.

Gesi inapochomwa katika mtambo wa kawaida, takriban theluthi moja tu ya nguvu yake hugeuka umeme. Sehemu kubwa iliyobaki huwa joto, likapaa angani. Mjini Moscow, kwenye baridi kali, joto hilo hupasha maji yanayopelekwa kwa mabomba hadi majumbani. Hivyo moto mmoja huwasha taa na kupasha chumba. Dar es Salaam hakuna anayehitaji chumba kipashwe joto. Hata hivyo, pale Kinyerezi, mtambo wa pili, wenye uwezo wa megawati 240, hulitumia joto hilo kutengeneza mvuke unaozungusha mashine nyingine na kuongeza umeme. Bado kiasi fulani hupotea, wala hakuna fundi awezaye kukizuia chote. Ndivyo maumbile yalivyo. Hii naiita hasara ya lazima, na haina wa kulaumiwa.

Lakini iko hasara ya pili. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, na mwaka 2004 ikaanza kuzalisha umeme Ubungo. Hadi leo, chini ya nyaya za umeme huo, wako akina mama wanaopuliza mkaa, macho yakiwatoka machozi kwa moshi, na miti ya mikoa jirani inakatwa ili mkaa huo upatikane. Mwaka 2013 wananchi wa Mtwara waliandamana kuuliza bomba la kwenda Dar es Salaam litawaachia nini. Ghasia zikazuka, na watu wakapoteza maisha. Hapa hakuna kanuni ya fizikia. Nani apate na nani angoje ni uamuzi wa binadamu. Hii ndiyo hasara ya hiari.

Najua nitajibiwa kwamba nguzo, nyaya na majiko vina gharama, na kwamba serikali haiwezi kumfikia kila mtu kwa siku moja. Ni kweli. Lakini kuchelewa kwa kukosa uwezo ni jambo moja, na kuzoea kwamba wengine wachelewe ni jambo jingine. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mtu aliyekaa penye taa huona upesi mno kwamba giza la mwenzake ni majaliwa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, tukiambiwa "haiwezekani", tuulize: ni maumbile yanayokataa, au ni sisi? Mhandisi anao udhuru wake, nao ni wa haki. Sisi tusijifunike kwa udhuru huo.