Kufungua Moyo: Jibu la Jamaa ya Kolwezi

Kijana aliyejifungia, anayemjibu kila mtu kwa neno moja, ni mhusika wa kawaida katika riwaya za vijana. Nyuma ya hadithi yake kuna swali la imani: moyo hufunguka kwa kudaiwa, au kwa kupewa kwanza? Huko Kolwezi, mji wa migodi nchini Kongo, swali hili lilijibiwa katika kambi za wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière.

Padre Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji, alifika Kongo mwaka 1933. Kitabu chake cha 1945 kuhusu falsafa ya Kibantu kilimpa sifa kubwa, ila kiliwaeleza Waafrika kwa Wazungu. Mwandishi mwenyewe alibaki nje ya maelezo. Mabadiliko ya kweli yalikuja alipoacha kuwa padre mwenye majibu yote, akawauliza watu wanatamani nini, kisha akawafunulia yaliyokuwa moyoni mwake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, kule Ruwe karibu na Kolwezi, mazungumzo hayo yalizaa Jamaa, kundi la Wakatoliki wenye ndoa. Mafundisho ya kundi hilo yalizunguka mawazo matatu: uzima, uzazi na mapendo.

Hapa ndipo penye uzito. Katika Jamaa, mume humwambia mkewe mawazo yake, naye mke humwambia ya kwake; baadaye hukutana vivyo hivyo na wenzao na padre. Anayetaka mwenzake aseme hutangulia yeye kusema. Hivyo kunyamaza kwa mtu hakuhesabiwi kuwa ukaidi: ni uzima unaojilinda mpaka upate pa kuegemea.

Jamaa ilikuwa ya wenye ndoa, lakini hoja hiyo yamfaa hata kijana wa leo wa Lualaba, mkoa wa Kolwezi. Mtoto anayeosha madini hujifunza mapema kutosema fedha imetoka wapi na nani ameichukua. Mkubwa anayemhoji bila kujieleza yeye mwenyewe humwongezea sababu ya kunyamaza.

Fundisho hili lilikuwa na udhaifu wake, nao ni mzito. Waumini walipita hatua kwa hatua, na mambo ya hatua za juu hayakusemwa mbele ya wasioingia. Kundi lililofungua mioyo ya watu wake likawa lenyewe limefungwa kwa wengine. Tempels alirudi Ubelgiji mwaka 1962, na katika miaka ya 1970 maaskofu kadhaa waliiwekea Jamaa mipaka mikali, na usiri huo ulikuwa mojawapo ya sababu.