Mti wa Chunguni na Haki ya Mtoto

Swali la kama mzazi mwenye watoto wadogo na kazi ya kutwa anaweza kuendelea kulea bonsai, yaani mti unaokuzwa kwenye chungu cha kina kifupi huku ukipogolewa na kufungwa waya hata ufanane na mti mkongwe wa porini, kwa kawaida hujibiwa kwa hesabu ya saa, na ndiyo maana hujibiwa vibaya. Saa zenyewe si nyingi. Kukagua udongo na kumwagilia ni kazi ya dakika chache, na kupunguza mizizi na kubadilisha udongo hufanyika baada ya miaka miwili au mitatu kwa miti mingi michanga inayopukutisha majani, na kwa misonobari hukawia zaidi. Ugumu ni kwamba dakika hizo hazikubali kuahirishwa, kwa sababu mizizi iliyobanwa katika udongo mchache haina akiba, na siku moja ya jua kali bila maji inaweza kuangamiza kazi ya miaka kumi. Vivyo hivyo waya uliosahauliwa wakati tawi linanenepa huzama kwenye gome na kuacha kovu ambalo huenda lisifutike. Kwa hiyo swali ni la kimaadili zaidi kuliko la ratiba: mtu ambaye wakati wake umekwisha kudaiwa na mtoto ana haki gani ya kujifunga kwa kiumbe tegemezi kingine, ambacho hakuna aliyemlazimisha kukichukua?

Mwanafalsafa Immanuel Kant, katika kitabu chake cha maadili cha mwaka 1797, alikataa kwamba binadamu ana wajibu kwa mmea wenyewe, lakini alishikilia kwamba anayeharibu ovyo uzuri wa maumbile, mimea ikiwamo, anakiuka wajibu alio nao kwa nafsi yake, kwani anadhoofisha ile hisia inayomwandaa kupenda kitu bila kutafuta faida. Hoja hiyo inafaa kwa msitu kuliko kwa chungu. Mti wa chunguni umenyimwa na mtu uwezo wa kujitafutia maji, na aliyeunyima amebeba deni ambalo mpita njia msituni hana. Dhana iliyo karibu zaidi na hali hii ni ile ambayo Waislamu huiita amana na Wakristo huiita uwakili, yaani kutunza kilicho mikononi mwako kama mtu atakayeulizwa habari zake. Hata hivyo amana hazilingani uzito, na hapo ndipo mzazi anapohitaji mwongozo.

Mwongozo mmoja umo katika Hachi no Ki, igizo la Noh, ile tamthilia ya kale ya Japani inayochezwa kwa vinyago na nyimbo. Shujaa aliyefilisika, Sano Genzaemon, anampokea usiku wa theluji mtawa asiyemjua, na kwa kukosa kuni anaikata na kuichoma miti yake mitatu ya chunguni, plamu, cheri na msonobari, ambayo ndiyo mabaki ya utajiri wake. Mgeni huyo ni Hōjō Tokiyori, aliyewahi kuitawala nchi kwa niaba ya shogun, yaani mtawala wa kijeshi, na baadaye anamlipa Sano kwa mashamba. Malipo hayo yanapendeza watazamaji lakini yanapunguza nguvu ya tendo, kwa kuwa thamani yake ilikamilika motoni: aliyeipenda miti kwa dhati ndiye aliyejua kitu cha kutanguliza mbele yake. Mzazi anayeuacha mti ukauke wiki ambayo mtoto ana homa hajaisaliti sanaa yake, ilmradi asijifunze kuuita homa kila uvivu wake.

Lakini hatari kubwa zaidi haihusu mti kukauka. Mwaka 1839 mwandishi wa Kichina Gong Zizhen aliandika insha fupi juu ya miti ya plamu iliyopindwa na kukatwa ili iwaridhishe wenye ladha ya kupenda vilivyokunjamana, akaeleza jinsi alivyonunua vyungu 300, vyote vikiwa na miti migonjwa, akavivunja, akafungua kamba na kuipanda miti ardhini. Wasomaji wake walifahamu kwamba alikuwa akiwazungumzia pia watu wenye vipaji waliobanwa na dola ya wakati wake. Gong hakuwatendea haki mabingwa wa bonsai, ambao mti wao hauishi miaka mingi usipokuwa na afya. Ila onyo lake linamfikia mzazi moja kwa moja. Jicho lililozoea kutazama chipukizi na kuuliza likatwe wapi linaweza, bila mwenyewe kujua, kumgeukia mtoto kwa swali lilelile, ilhali mtoto, tofauti na mti, atakuja kuwa na neno lake kuhusu umbo alilopewa.

Kuna pia kiburi cha kudhani kwamba mti ni wa mtu mmoja. Msonobari mweupe uliotolewa na bingwa wa bonsai Masaru Yamaki kwa Marekani mwaka 1976, na ambao sasa uko Washington, ulianza kulelewa mwaka 1625, ukapita mikono ya vizazi kadhaa na kunusurika bomu la Hiroshima la mwaka 1945. Katika muda huo wote hapana shaka palikuwa na walezi waliokuwa na watoto wachanga.

Wakulima wa bonsai wenyewe wana desturi inayomfaa mzazi kuliko falsafa nyingi: mti unaotakiwa kunenepa shina hutolewa chunguni na kupandwa ardhini, au kwenye kasha pana, ukaachwa miaka kadhaa ukue upendavyo, kwa sababu shina hunenepa polepole mno chunguni. Miaka ya utoto wa watoto inaweza kuwa ndiyo miaka hiyo, na mti ukirudi chunguni utakuwa umefaidika. Anayeishi maeneo ya joto anaweza kuchagua mbuyu mchanga, ambao hupukutisha majani kiangazi na kustahimili kusahauliwa. Anayeishi ghorofani bila kipande cha ardhi hana nafasi ya kusubiri namna hiyo, na kwake uaminifu ni kuwagawia miti wenye wasaa, akabaki na mmoja anaoweza kuunywesha kila asubuhi kabla ya watoto kwenda shule.