Stelingi Hafi. Mabruki Je?

Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tulijua sheria moja kabla hata ya kusoma vizuri: stelingi hafi. Anayekufa ni rafiki wa stelingi. Ukimwona mtu anacheka sana na kuzungumzia mwanawe anayemsubiri nyumbani, ujue huyo hafiki mwisho. Anakufa, stelingi anakunja uso, kisasi kinaanza, na banda zima linapiga kelele.

Delroy Lindo nilimjulia hukohuko, akiwa baba yake Aaliyah katika Romeo Must Die ya mwaka 2000. Jina lake hatukulijua. Tulisema "yule baba" na tukaelewana. Ni waigizaji wa aina hiyo: sura yao unaijua, jina mpaka ukalitafute. Alizaliwa London mwaka 1952 kwa wazazi Wajamaika, akasomea uigizaji San Francisco, na mwaka 1988 aliteuliwa kuwania tuzo ya Tony kwa tamthilia ya August Wilson, Joe Turner's Come and Gone. Humo aliigiza mtu aliyekamatwa na kufanyishwa kazi kwa nguvu miaka saba, kisha akatoka kumtafuta mkewe. Jukwaani alikuwa anaibeba tamthilia nzima. Kwenye filamu, kwa miaka mingi, akawa wa pembeni.

Mwaka 1990 alipewa nafasi ya Mabruki katika Mountains of the Moon, filamu ya Bob Rafelson kuhusu Burton na Speke wakitafuta chanzo cha Nile. Njia yetu ile, ya Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, sehemu kubwa ilipigwa picha Kenya, lakini hilo tuwasamehe. Mabruki wa filamu ni mtumwa mtoro anayeokolewa, kisha anafia safarini ili Burton apate la kumliza. Lindo anamwigiza kama mtu mwenye mambo yake kichwani, mtu ambaye angeendelea kuishi hata Burton asingekuwepo. Ndiyo maana kifo chake kinauma.

Tatizo ni kwamba Mabruki alikuwepo kweli. Alisafiri pamoja na Sidi Mubarak Bombay, wakaondoka pwani Juni 1857, na Novemba wakafika Kazeh, ambayo leo ni Tabora. Hakufia njiani. Alirudi barabarani na Speke na Grant, na mwaka 1871 alikuwa kwenye msafara wa Stanley kwenda kumtafuta Livingstone. Yaani wazungu walikuwa wakibadilika, yeye yupo palepale. Ukihesabu kwa miguu, stelingi wa njia ile ni nani?

Swali linalonisumbua si kama filamu imekosea historia. Filamu zote hukosea. Swali ni kama kuna dhuluma katika kumfanya mtu awe msaidizi kwenye hadithi ya mwingine. Jibu la haraka ni kwamba hakuna hadithi inayoweza kumweka kila mtu katikati. Msafara ulikuwa na watu wengi, wapagazi wakibeba mizigo ya kilo thelathini hivi kila mmoja. Ukisema uwaandike wote, hutatoka Bagamoyo.

Nalikubali jibu hilo, ila nusu. Lindo alisoma mkataba, akasaini, akalipwa, na jina lake likapita mwishoni mwa filamu. Kuwa wa pembeni ilikuwa kazi yake, na aliifanya kwa heshima. Mabruki halisi hakuulizwa. Tunamjua kwa sababu Burton alimwandika, tena kwa maneno ya dharau, na baada ya zaidi ya karne moja mtu mwingine akalichukua jina lake na kumuua nalo. Nafasi ndogo haimvunjii mtu heshima. Kinachomvunjia ni kuambiwa kwamba maisha yake yalikuwepo ili mwingine ahuzunike.

Hapa inabidi nijitaje. Niliwahi kutumwa Tabora kuandika makala ya utalii. Pale Kwihara, kwenye tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi, mzee mmoja alinizungusha karibu siku nzima. Alinionyesha misafara ilikoingilia, akanieleza jinsi Wanyamwezi walivyoifanya safari ya pwani kuwa kipimo cha kijana aliyekomaa. Makala ilipotoka, maelezo yote yalikuwa yake, lakini jina lililonukuliwa lilikuwa la msomi mmoja niliyeongea naye dakika tano kwa simu. Mzee alikuwa "mkazi mmoja wa eneo hilo". Mhariri hakunilazimisha. Niliona tu kwamba msomi anapendeza zaidi kwenye aya ya kwanza.

Sikuua mtu, ni kweli. Lakini nilitumia mkono uleule wa Rafelson: nilimchukua mtu aliyeijua njia, nikamweka pembeni ili mwingine ang'ae.

Jina la mzee ninalo kwenye daftari. Juzi nilimpigia kumwomba ruhusa niliandike hapa. Alicheka.

"Mwanangu, ukiandika langu, la baba yangu aliyenionyesha utaliweka wapi?"

Nikamwambia nitaliandika nalo.

"Na la aliyemwonyesha yeye?"

Nilikosa la kusema. Akaniambia niache kwanza, nipande treni nije tukae chini, atanitajia mmoja mmoja, na nisije na daftari dogo.