Juu ya Mtu Anayerudi Kuomba

Jaji Marcus Morton, mzaliwa wa Freetown na mkazi wa Taunton katika jimbo la Massachusetts huko Marekani, alikuwa mtu wa elimu na murua, mwenye kiti katika mahakama ya juu kabisa ya jimbo lake tangu 1825, asiye na dhiki ya riziki wala ya jina. Walakini kila mwaka kuanzia 1828 hata 1843, msimu wa uchaguzi ulipowadia, jina lake lilikwenda mbele ya wapiga kura kuomba ugavana, na kila mwaka, isipokuwa miwili, kiti kilikwenda kwa mtu mwingine. Hiyo ni miaka 16 mfululizo. Msikilizaji akisimuliwa habari hii bila ya maelezo zaidi aghalabu hucheka, na kicheko chake kina haki kiasi, maana tumezoea kuona kwamba mtu mwenye akili huelewa anapoambiwa hapana, wala hangoji kuambiwa mara ya pili. Jambo linalofichwa ndani ya habari hiyo, hata hivyo, si la kuchekwa likapita: mtu aliyekataliwa hadharani ana haki gani ya kurudi kuomba kilekile alichonyimwa, na haki hiyo, ikiwa ipo, mpaka wake u wapi?

Sisi wa pwani tumelelewa kuogopa ombi la pili. Kijana akipeleka posa, naye akajibiwa kwa maneno laini kwamba binti bado anasoma, au kwamba wazee watakaa washauriane, hufahamu papo hapo, hushukuru, na mshenga hatumwi tena; akimtuma mara ya tatu, mtaa mzima husema kwamba mtu huyu hana haya. Hukumu hiyo ni ya haki nyumbani, kwa sababu anayeombwa ni mtu mmoja mwenye moyo mmoja, jibu lake ni mali yake, na hana wajibu wa kulitoa upya kila mwaka ili kumridhisha mwombaji. Umma hauko hivyo. Mvulana aliyekuwa na umri wa miaka 10 Morton alipoomba mara ya kwanza alikuwa mwanamume wa miaka 21 alipoomba katika mwaka wa 12, na baina ya mara hizo mbili wazee wengi waliomkataa walikwisha kuzikwa, wengine walihamia magharibi kutafuta ardhi, na wageni walikuja wakakaa mahali pao. (Wanawake hawakuulizwa kamwe, wala yeye wala wapinzani wake hawakuomba kura zao, na jambo hilo lataka insha yake peke yake.) Anayerudi mbele ya umma baada ya miaka kumi haombi kwa yule yule aliyemkataa, ijapokuwa nyumba ni ile ile na mlango ni ule ule.

Hata sheria yenyewe yashuhudia hivyo. Katiba ya Massachusetts ya 1780, ambayo kwa sehemu kubwa ni kazi ya kalamu ya John Adams, iliagiza kwamba gavana achaguliwe kila mwaka. Na sheria inayowaita watu kila mwaka kutoa jibu imekiri kwa kitendo chake kwamba jibu la mwaka jana limekwisha muda wake. Anayemtaka aliyeshindwa anyamaze maisha yake yote anadai kwa hiyo kwamba hukumu ya umma idumu kuliko inavyotaka katiba. Tena, na hapa ndipo ninapoiona dhuluma ndogo iliyomo katika kicheko chetu, hatumwambii mshindi maneno hayo. Levi Lincoln, aliyekuwa gavana tangu 1825, naye pia alirudi kuomba kila mwaka, akapewa kila mwaka, akakaa kitini karibu miaka tisa. Hakuna aliyemwita king'ang'anizi. Basi aibu hatukuiweka juu ya kuomba mara nyingi, tumeiweka juu ya kunyimwa, na kunyimwa si tendo la mwombaji.

Yapasa kuuliza vilevile ni nini hasa kilichokuwa kikiombwa. Chama cha Democratic, chama cha Andrew Jackson, kilikuwa chama cha wachache katika Massachusetts ya zama zile, jimbo la matajiri wa viwanda vya nguo na wa majahazi, na mtu aliyekubali kubeba jina la chama hicho alijua kwamba anakwenda kushindwa. Mwaka 1833 alisimama hata John Quincy Adams, aliyekwisha kuwa Rais wa nchi nzima, akaomba ugavana wa jimbo lake kwa tiketi ya chama kingine, akaukosa. Katika uchaguzi huo Morton alikuwa wa tatu. Mtu wa namna hiyo hakuwa akitafuta cheo tu, kwa kuwa cheo alikuwa nacho, na cha heshima. Alikuwa mahali pa kuiweka rai isiyopendwa, ili mkulima au fundi asiyekubaliana na watawala wake akute jina la kuandika kwenye karatasi yake, badala ya kubaki nyumbani na hasira isiyokuwa na mahali pa kwenda. Ipo hoja ya upande wa pili, nayo ina uzito, kwamba anayesimama kila mwaka huwazibia njia vijana wa chama chake, na hatimaye chama husinyaa kikawa kivuli cha mtu mmoja. Naikubali hoja hiyo pale vijana wanapokuwapo na wanapotaka. Lakini kugombania nafasi ya kushindwa si desturi ya vijana wenye tamaa, na katika miaka ile ya mwanzo sidhani kwamba palikuwa na msongamano mlangoni.

Kisha likatokea jambo ambalo hapana mganga wa siasa angalilitabiri. Mwaka 1838 baraza la kutunga sheria, lililokuwa mikononi mwa chama cha Whig, lilipitisha sheria ya kukataza pombe kali isiuzwe kwa kipimo cha chini ya galoni 15, yaani kama lita 57, kwa mkupuo mmoja. Nia ilikuwa kuondoa ulevi, lakini yeyote atazamaye kipimo hicho huona mara moja ni nani aliyeguswa: tajiri mwenye ghala aliweza kununua pipa akaliweka chini ya nyumba yake, hali kibarua aliyetaka kikombe kimoja baada ya kazi alikuwa mvunja sheria. Gavana wa wakati huo alikuwa Edward Everett, aliyepata kuwa kasisi na mdarisi wa Kigiriki katika chuo cha Harvard, msemaji ambaye miaka mingi baadaye, 1863, alitoa khutuba ya saa mbili katika makaburi ya Gettysburg kabla Abraham Lincoln hajasimama kusema maneno yake machache. Uchaguzi wa Novemba 1839 ulipofika, hasira za galoni 15 zilitafuta jina la kushika, na jina lilikuwapo, limekaa pale pale kwa miaka kumi na zaidi.

Hesabu ya kura zile yafaa itazamwe kwa karibu, maana husimuliwa kwa mkato. Kura zote zilizopigwa zilikuwa 102,066. Everett alipata 50,725, na wengine waliotajwa huku na huku walipata 307 kwa jumla. Morton alipata 51,034. Kwa hiyo alimpita Everett kwa kura 309. Lakini sheria ya jimbo haikutosheka na kumpita mtu, ilitaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote, na nusu ilikuwa 51,033. Lau mtu mmoja tu katika wale waliomwandika Morton angaliandika jina jingine, Morton asingalikuwa gavana kwa kura za watu, na shauri lingalikwenda barazani, ambako rafiki zake hawakuwa wengi. Everett angaliweza kuitilia shaka karatasi hii na ile, akatuma mawakili katika miji yenye hesabu zisizoandikwa vizuri, na hapana mtu wa chama chake angalimlaumu. Hakufanya hivyo. Aliacha hesabu isimame, akampisha Morton mwezi wa Januari 1840.

Twasema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani, na methali hii kwa kawaida hutupiwa yule aliyeshindwa ili anyamaze. Nionavyo mimi, maana yake ni pana zaidi, na yahusu pande mbili. Morton alikubali kushindwa kwa miaka 11 kabla ya siku ile, kila mara akirudi mahakamani kuamua kesi za watu, bila ya kudai kwamba wapiga kura ni wajinga. Na kule kukubali ndiko kulikompa haki ya kurudi, kwa kuwa anayeiheshimu hapana ya watu ana haki ya kuwauliza tena, hali anayeipuuza haulizi, analazimisha. Lakini kuvumilia kwake kwote kungalikuwa bure kama upande wa pili asingalikuwapo mtu aliye tayari kuondoka kwa ajili ya kura moja. Twamsifu sana mwenye subira ya kungoja. Mwenye nguvu ya kuondoka hatumsifu ipasavyo, labda kwa sababu kuondoka hakuna kelele.

Morton aliomba tena mwishoni mwa mwaka ule wa 1840, akaangushwa na John Davis. Akaomba 1841, akaangushwa. Mwaka 1842 hakuna aliyepata zaidi ya nusu, kwani chama kipya cha wapinga utumwa kilivuta kura za kutosha kuwanyima wote wawili, na baraza likamchagua yeye. 1843 akashindwa na George Briggs. Mwaka uliofuata chama chake kilimsimamisha mwanahistoria George Bancroft, na Morton hakuwa mgombea tena. Hakuna sheria iliyomzuia. Mpaka aliowekewa haukutoka katika katiba wala katika vinywa vya wapinzani, ulitoka kwa wenziwe, na hapo nadhani ndipo mahali pake. Maana mtu anayesimama kwa ajili ya rai ya wengi huweza kuambiwa na hao wengi kwamba sasa rai itabebwa na mwingine, na akitii huonekana kwamba ilikuwa rai kweli.

Wa kinyume chake ni Harold Stassen wa Minnesota. Huyu alianza alipoishia Morton: alichaguliwa gavana mwaka 1938 akiwa na miaka 31, akachaguliwa tena mara mbili, akaacha kiti 1943 kwenda vitani katika jeshi la majini, na 1945 alikuwa miongoni mwa wajumbe wa Marekani waliotia saini Mkataba wa Umoja wa Mataifa mjini San Francisco. Baada ya hapo akaomba urais, kisha ugavana wa Pennsylvania mwaka 1958 na tena 1966, kisha ugavana wa Minnesota kwa mara nyingine 1982, na urais tena na tena hata 1992, mpaka watu wakasahau kwamba mzee huyu wa kuchekesha ndiye yule kijana aliyewahi kutawala. Simlaumu kwa wingi wa maombi. Ninachokiona kwake ni kwamba alibaki bila ya wenzi wa kumwambia basi. Jimbo lilibadilika, kiti kilibadilika, na kilichodumu katika maombi yote ni mwombaji peke yake.

Ipo hali ya tatu, ngumu kuliko hizi mbili, nayo tunaijua bila ya kuvuka bahari. Zanzibar ni nchi ndani ya Muungano, yenye Rais wake na Baraza lake la Wawakilishi, na Maalim Seif Sharif Hamad, aliyepata kuwa Waziri Kiongozi na kisha mahabusu, aliomba urais wake katika kila uchaguzi mkuu tangu 1995 hata 2020. Mara ya kwanza hesabu rasmi ilimpa asilimia 49.8, na mwenziwe Salmin Amour 50.2, wapinzani hawakuikubali. Januari 2001 watu walikufa kwa risasi Pemba katika maandamano yaliyofuatia uchaguzi wa pili. Oktoba 2015 uchaguzi ulifutwa kabla hesabu haijakamilishwa kutangazwa, na marudio ya Machi 2016 chama chake kikayasusia. Hapa mwombaji hasemi tu kwamba watu hawajamkubali bado; asema kwamba watu wamekwisha kumkubali, na kwamba kasoro imo katika mizani. Akisusa, huambiwa ameogopa kura; akisimama tena, kule kusimama kwenyewe ni ushahidi kwamba bado anaiamini mizani anayoilaumu. Ugumu huu Morton hakuujua. Nami sioni kwamba una jawabu jepesi, ila naona kwamba mtu aliyerudi mara zote hizo alilitendea sanduku la kura heshima kubwa kuliko wengi walioshinda kwalo.

Mwaka 2010, baada ya maridhiano yake na Rais wa wakati huo, Amani Karume, na kura ya maoni iliyoidhinisha serikali ya umoja wa kitaifa, alikosa kiti kwa tofauti ya takriban asilimia moja, akakubali, akawa Makamu wa Kwanza wa Rais chini ya Ali Mohamed Shein. Na Disemba 2020, akiwa na miaka 77, alikula kiapo cha cheo hicho hicho chini ya Hussein Mwinyi, mshindani wake wa wiki chache kabla, katika uchaguzi ambao chama chake kilikuwa kimeukataa. Waliomlaumu walisema kwamba kwa kiapo kile ameikubali hesabu. Waliomsifu walisema kwamba ameikubali nchi bila ya kuikubali hesabu. Everett, pamoja na uungwana wake wote, hakupata kuwekwa mbele ya uchaguzi wa namna hiyo, kwa kuwa kwake yeye nchi na hesabu vilikuwa upande mmoja.