Sauti Iliyovurugika na Wajibu wa Kusikiliza

The Age of Adz ni albamu ya mwanamuziki Mmarekani Sufjan Stevens, iliyotolewa Oktoba 2010 na lebo ndogo ya Asthmatic Kitty. Ina nyimbo 11 zinazochukua takriban dakika 75, na wimbo wa mwisho peke yake unazidi dakika 25. Ni kazi ya pop huru ya majaribio. Ni pop kwa kuwa ina vibwagizo na melodia za kuimbika, na ni huru kwa kuwa ilitengenezwa nje ya makampuni makubwa ya muziki. Majaribio yake yamo katika namna melodia hizo zilivyozamishwa ndani ya kelele za mashine, midundo inayogongana, kwaya na matarumbeta yanayoingia bila kubisha hodi. Albamu hii inaibua swali la zamani la dini na falsafa: je, sauti iliyovurugika inaweza kubeba ukweli kuhusu Mungu na mwanadamu? Na kama inaweza, anayeisikia ana wajibu gani kwake?

Stevens alizaliwa Detroit mwaka 1975. Jina lake lenye asili ya Kiarabu alipewa na mwanzilishi wa Subud, jumuiya ya kiroho yenye chimbuko Indonesia ambayo wazazi wake walikuwa wafuasi wake. Yeye mwenyewe akawa Mkristo, na imani hiyo imeenea katika kazi zake. Albamu ya Seven Swans ya mwaka 2004 ina wimbo juu ya Ibrahimu na mwingine juu ya Yesu kugeuka sura mlimani. Illinois, ya mwaka uliofuata, ilimpa umaarufu kwa nyimbo zenye gitaa, banjo, filimbi na kwaya zilizopangwa kwa uangalifu mkubwa. Wasikilizaji wakazoea kukuta utulivu na utaratibu katika muziki wake. Kisha akapatwa na maradhi ya virusi yaliyogusa mishipa ya fahamu na kumletea maumivu ya muda mrefu, na kazi iliyofuata ikabeba alama za mwili usiotii tena amri za mwenyewe.

Chimbuko la pili la albamu ni Royal Robertson, mchoraji Mwamerika Mweusi wa jimbo la Louisiana, aliyezaliwa mwaka 1936 na kufariki mwaka 1997. Robertson alijipatia riziki kwa kuchora mabango ya biashara. Alikuwa na skizofrenia, na mkewe Adell alipomwacha baada ya ndoa ya miaka mingi, nyumba yake iligeuka ukumbi wa maono. Alijiita nabii. Kwenye makaratasi magumu ya mabango alichora vyombo vya anga, mazimwi ya kutisha, miji ya wakati ujao, hesabu za siku za mwisho na aya za Biblia, akichanganya na matusi makali dhidi ya mkewe na wanawake kwa jumla. Kimbunga Andrew cha mwaka 1992 kiliharibu sehemu kubwa ya kazi zake. Zilizosalia zimepata nafasi katika makumbusho, pamoja na Jumba la Sanaa ya Marekani la Smithsonian jijini Washington. Jalada la The Age of Adz limetengenezwa kwa michoro yake, na baadhi ya nyimbo zinamzungumzia au zinazungumza kana kwamba ni yeye.

Albamu inafunguka kwa upole. Wimbo wa kwanza ni wa gitaa na sauti ya chini, nao unahusu upendo unaokosa maneno ya kujieleza. Unapofuata Too Much, mashine zinaamka: midundo inakatikakatika, na vyombo vya okestra vinapandiana juu yake. Wimbo uliobeba jina la albamu unavuma kama tangazo la kiyama, huku Get Real Get Right ukiyachukua maono ya Robertson ya vyombo vya anga na wokovu na kuyafanya wito wa toba. Katika Vesuvius, uliopewa jina la mlima wa volkano uliouteketeza mji wa Pompeii mwaka 79, mwimbaji anajiita kwa jina lake mwenyewe na kujionya. I Want to Be Well ni kilio cha mgonjwa anayetaka kupona, kwa lugha kali ambayo haikuzoeleka kinywani mwa Stevens. Mwishoni ni Impossible Soul, wimbo wa sehemu kadhaa unaopita katika majuto, mazungumzo na sauti ya mwanamke, uimbaji uliopindwa na kompyuta, na ngoma ya furaha ya kwaya nzima, hadi kutua tena kwenye gitaa.

Falsafa ya kale iliitazama sauti ya namna hii kwa shaka. Katika kitabu cha tatu cha Jamhuri, Plato anaruhusu katika dola yake mitindo miwili tu ya ngazi za muziki, wa Kidoria na wa Kifrigia, na anakataa ala za nyuzi nyingi. Sababu yake ni kwamba muziki hupenya ndani kabisa ya nafsi, kwa hiyo muziki usio na mpangilio huzaa nafsi isiyo na mpangilio. Augustino wa Hippo, katika kitabu cha kumi cha Maungamo, anahofia jambo jingine: kwamba sikio linaweza kufurahia sauti na kuyasahau maneno matakatifu yanayoimbwa. Hata hivyo anakumbuka machozi ambayo nyimbo za kanisa zilimtoa alipokuwa mchanga katika imani, na hazipigi marufuku.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilizungumzia suala hili kwa kirefu katika kitabu chake Ihya Ulum al-Din. Kwa maoni yake, muziki hauingizi moyoni kitu kisichokuwamo, bali huamsha kilichokuwamo tayari. Hukumu ya kusikiliza basi inategemea kinachoamshwa: ikiwa ni shauku ya Mungu, kusikiliza ni kwema, ikiwa ni tamaa mbaya, ni kubaya. Hoja hii, iliyo jirani na mijadala ya waumini wa pwani ya Afrika Mashariki juu ya dufu katika maulidi, inahamisha uzito kutoka kwa sauti hadi kwa msikilizaji. Kelele ya Vesuvius haina dhambi wala utakatifu peke yake. Inakuwa mtihani: mmoja inamwamshia kiburi cha kuonja vitu vigeni, mwingine huruma kwa mtu anayeungua ndani.

Maandiko nayo hayakuufunga ukweli ndani ya utulivu. Ni kweli kwamba Eliya, mlimani Horebu, hakumkuta Mungu katika upepo, tetemeko wala moto, ila katika sauti ndogo iliyofuata. Lakini katika kitabu cha Kutoka, Mungu huyohuyo anashuka Sinai kwa ngurumo, moshi na sauti ya baragumu inayozidi kupanda, na Zaburi ya 150 inaagiza asifiwe hata kwa matoazi yenye kishindo. Zaburi ya 88 inakwenda mbali zaidi: ni malalamiko ya mtu anayeteseka, nayo inaishia gizani bila neno la faraja. Waliozikusanya Zaburi hawakuiondoa, wala hawakuishonea mwisho mtamu.

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote ni kitabu cha Ayubu. Marafiki zake watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, walipomfikia walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Hilo ndilo tendo lao bora. Alipofungua kinywa na kuilaani siku aliyozaliwa, walianza kumsahihisha. Hotuba zao ni nadhifu na zimejaa theolojia inayokubalika: mwenye haki hustawi, mwovu huadhibiwa. Maneno ya Ayubu yanapanda na kushuka, yanajipinga, yanamshitaki Mungu. Hata hivyo katika sura ya 42 Mungu anawakemea marafiki na kutamka kwamba ni Ayubu aliyenena yaliyo sawa juu yake. Unadhifu wa usemi, basi, si kipimo cha ukweli wake. Usemi wa mwenye maumivu unaweza kuvurugika kwa sababu ni mwaminifu kwa hali anayoisema, na anayeupanga upya haraka ili aweze kuuvumilia anaweza kuwa anaufuta ukweli wenyewe. Kilio cha I Want to Be Well kiko katika ukoo huu: kukiimba kwa melodia tulivu kungekuwa kusema uongo juu ya ugonjwa.

Swali la wajibu linahusu pia muda. Katika kitabu cha kumi na moja cha Maungamo, Augustino anatumia mfano wa mtu anayeimba zaburi anayoijua. Kabla hajaanza, matarajio yake yameikumbatia zaburi nzima. Kadiri anavyoimba, sehemu iliyopita inahamia kwenye kumbukumbu, na uangalifu wake unasimama katikati ukipitisha moja kwenda kwenye nyingine. Hivyo nafsi hunyooshwa kati ya kilichokwisha na kijacho, na Augustino anaona kwamba maisha yote ya mtu ni hivyohivyo. Impossible Soul hunyoosha nafsi kwa namna hii kwa zaidi ya dakika 25. Furaha ya kwaya haina maana kwa asiyebeba kumbukumbu ya majuto yaliyoitangulia, na gitaa la mwisho haliwezi kueleweka kwa aliyeruka katikati. Wimbo hauwezi kufupishwa bila kuharibika, kama ambavyo mtu hawezi kufupishwa bila kudhulumiwa.

Simone Weil, mwanafalsafa Mfaransa aliyefariki mwaka 1943, aliunganisha uangalifu na sala na upendo wa jirani. Kwake, kumpenda aliyeumia ni kuwa tayari kumuuliza anapitia nini na kuyanyamazisha mawazo ya mtu mwenyewe mpaka jibu lipokewe jinsi lilivyo. Uangalifu wa aina hiyo ni adimu, na hujengwa kwa mazoezi, hata katika mambo yasiyo ya dini. Kuisikiliza albamu ngumu kwa ukamilifu ni zoezi mojawapo. Msikilizaji anazuia hamu ya kuhukumu katika dakika ya kwanza na kuipa sauti ngeni muda wa kujieleza. Mara nyingi anagundua kwamba alichokiita fujo kilikuwa na utaratibu ambao sikio lake halijaufikia.

Wajibu huo una mipaka miwili. Kwanza, kusikiliza si kukubali. Paulo aliwaagiza Wathesalonike wasiudharau unabii, lakini pia wapime yote na kushika lililo jema. Chuki ya Robertson kwa wanawake haitakaswi na mateso yake. Nyimbo zilizomkumbuka zilichukua kilio na hofu yake, si matusi yake. Pili, ugonjwa wa akili usifanywe pambo. Skizofrenia ni mateso yanayohitaji tiba na uangalizi, si njia ya mkato ya kufikia ufunuo. Anayevutiwa na michoro ya Robertson bila kumwona mtu mpweke aliyeichora anamtumia, hamsikilizi. Hadhi ya Robertson haitokani na usahihi wa hesabu zake za mwisho wa dunia. Inatokana na kuwa kwake mtu, na mtu hustahili kusikilizwa hata pale anapokosea.

Kwa hiyo sauti iliyovurugika inaweza kubeba ukweli wa kiroho, ingawa vurugu yenyewe si dalili ya ukweli huo. Kinachotofautisha ni uaminifu wa anayelia na subira ya anayemsikia. Muziki hauwezi kumpa mtu subira hiyo kwa nguvu. Unaweza tu kuidai na kumpa nafasi ya kuizoea. Anayeizoea mbele ya albamu ana deni la kuitumia mahali inapohitajika zaidi: kwa mgonjwa anayejirudiarudia, mfiwa anayelalamika, na jirani ambaye maneno yake hayajapangika.