KOFIA NI SHAHIDI

Bismillahi Rahmani Rahim

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), Bwana wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake wote. Ndugu Waislamu, ninawausia nyinyi pamoja na nafsi yangu tumche Mwenyezi Mungu.

Leo tuongee juu ya kitu ambacho wengi wetu tumekiweka kichwani: kofia. Mtu akipita njiani na kofia yake, watu wanasema: "Yule ni Muislamu." Hawajaona sala yake, hawajui saumu yake. Kofia ndiyo imesema. Basi tujiulize: je, imesema kweli?

Kwanza tujue hukumu yake. Mwanamume kufunika kichwa ni adabu nzuri. Mtume (s.a.w.) alivaa kilemba, siku ya kufunguliwa Makka, mwaka wa 8 wa Hijra, aliingia na kilemba cheusi. Lakini si sharti la sala. Mwanamume akisali kichwa wazi, sala yake ni sahihi.

Pili, tuangalie historia, maana ina mafundisho. Mwaka 1829 Sultani Mahmud II wa Uturuki aliamuru watumishi wa serikali yake waache vilemba, wavae tarbushi nyekundu. Wako waliochukia jambo hilo. Hata miaka 100 haikupita, tarbushi ile ile ikawa alama ya Uislamu. Tarehe 25 Novemba 1925 Bunge la Uturuki likapitisha sheria ya shapo za Kizungu, na tarbushi ikapigwa marufuku. Watu walifungwa, wengine wakanyongwa. Sheikh mmoja, Atıf wa İskilip, aliyekuwa ameandika kijitabu cha kupinga shapo hizo kabla ya sheria kutoka, alinyongwa Februari 1926.

Na hapa kwetu Kongo, tarbushi nyekundu ilikuwa kichwani mwa nani? Ilikuwa ya askari wa Force Publique, jeshi la Bula Matari, waliotumwa vijijini kulazimisha watu kuleta mpira wakati wa mfalme Leopold II. Kule Uturuki watu waliumia kwa ajili ya kuitetea. Huku kwetu watu walikimbilia porini walipoiona inakuja. Kitambaa hakina dini, ndugu zangu. Aliyekivaa ndiye anayekipa maana.

Wazee wanakumbuka pia kofia ya ngozi ya chui ya Mobutu. Chui ni alama ya ufalme kwa makabila mengi ya nchi hii. Aliitawala nchi tangu 1965, lakini Mei 1997 alikimbia, na Septemba ya mwaka ule ule akafia ugenini, Maroko. Kofia haikumzuilia kitu.

Sasa tuje kwetu wenyewe, maana si vizuri kusema ya wengine tu. Kofia hii nyeupe ya kushonwa kwa mkono ilitufikia kutoka pwani, pamoja na kanzu, katika misafara ya wafanyabiashara wa Zanzibar waliokaa Nyangwe na Kasongo, akina Tippu Tip na wenzake. Dini ilikuja kwa njia ile, tunamshukuru Allah. Lakini kwa njia ile ile walipita watu waliofungwa minyororo. Kule Zanzibar mtumwa hakuruhusiwa kufunika kichwa wala kuvaa viatu. Utumwa ulipofutwa kwa sheria mwaka 1897, waliokuwa watumwa walivaa kofia na kanzu ili kila mtu aone kwamba nao ni watu huru. Ndiyo maana ya neno "mungwana" ambalo babu zetu walijivunia: mtu aliye huru, si mtumwa. Na aliyekuwa nje waliita "mushenzi".

Je, neno hilo limekwisha midomoni mwetu? Ndugu anasilimu leo, hana ukoo wa Kasongo, hana kofia, tunamwangalia kutoka juu mpaka chini. Kijana maskini anakuja kichwa wazi, anasukumwa safu ya nyuma. Hivyo tunaifanya kofia iwe tena kama zamani, ukuta kati ya muungwana na mtumwa. Allah ametufundisha katika Surat Al-Hujurat, aya ya 13, kwamba mbora wetu mbele yake ni yule anayemcha zaidi. Hakutaja vazi.

Nasema haya, na ninamwomba Allah msamaha kwa ajili yangu na yenu. Mwombeni msamaha, hakika yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Alhamdulillah. Ndugu Waislamu, kofia ni shahidi. Mama anafika sokoni, anaona wauza mchele wawili, anamwendea yule mwenye kofia kwa kuwa anamwamini. Kama kopo la kupimia limebonyezwa chini, kofia ndiyo iliyomdanganya yule mama. Atarudi nyumbani akisema Waislamu ni wezi. Dhambi ya kupunja imeonywa katika Surat Al-Mutaffifin. Wewe umeongeza na kuaibisha dini.

Kumbukeni ihramu. Mwanamume akienda Hija anavua kofia, anavua kilemba. Rais, sheikh, mchukuzi wa mizigo, wote vichwa wazi. Na siku ya kufa tutavuliwa tena, tutavikwa sanda, na kofia itabaki kwenye msumari.

Basi tuvae kofia zetu, tuzifue, tuzipende. Lakini kila asubuhi ukiiweka kichwani, sema moyoni: leo huyu atanishuhudia. Na ukimwona ndugu aliye kichwa wazi, msogezee nafasi kando yako.

Ee Allah, tuvike vazi la uchamungu. Ipe nchi yetu ya Kongo amani, warudishe wakimbizi makwao, wasamehe wazazi wetu na waliotangulia. Amin.

Aqimu sala.